Zamu ya Ziwa: Ndagala, Mukeke na Wajibu wa Askari

Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa jeshi na polisi



Mkazi wa Bujumbura huijua hali ya Ziwa Tanganyika kwa sahani yake, kabla hajasomewa takwimu yoyote. Kwa miaka mingi ndagala alikuwa kitoweo cha mtu wa kipato kidogo. Kopo moja la ndagala wakavu lilitosha kuwapa watoto wengi ladha na nguvu, na mukeke wa kuchomwa alikuwa heshima ya mgeni. Leo mama anayekwenda sokoni na kiasi kile kile cha fedha hurudi na fungu dogo zaidi, na mara nyingine hurudi mikono mitupu. Wanaosema kwamba hilo ni jambo la wavuvi peke yao wanakosea. Ni jambo la taifa zima, na kwa namna ya pekee ni jambo la askari, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa yake imewekwa mikononi mwake.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani, baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Nchi nne hulichangia: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Sehemu ya Burundi ni ndogo, kiasi cha asilimia 8 tu ya eneo lote. Mtu akiusikia ukubwa huo hushawishika kudhani kwamba samaki hawawezi kwisha. Dhana hiyo ndiyo adui wa kwanza. Kina cha ziwa hakimaanishi wingi wa samaki, kwani maji yaliyo chini sana hayana hewa ya kuwatosha viumbe kuishi. Upande wa kaskazini, mbele ya Bujumbura, mpaka huo wa uhai huanza kwenye mita 100 hivi. Kwa hiyo samaki wote wanaolisha miji na vijiji vya kandokando huishi katika tabaka la juu tu, kama watu wa nyumba ya ghorofa nyingi ambao wameruhusiwa kukaa orofa moja.

Katika tabaka hilo wamo samaki wawili ambao riziki ya wengi hutegemea. Wa kwanza ni ndagala, ambaye Watanzania humwita dagaa na Wazambia humwita kapenta. Ni mdogo, hazidi urefu wa kidole kirefu cha mkono, na hula vidudu vidogo sana vinavyoelea majini. Maisha yake ni mafupi, ya mwaka mmoja na kidogo, na huanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka. Wa pili ni mukeke, ambaye ng'ambo ya Kigoma huitwa mgebuka. Huyu ni wa jamii moja na sangala. Anapokuwa mkubwa chakula chake kikuu ni ndagala, na ili akomae na kuzaa huhitaji miaka, si miezi. Hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani ila katika bonde la ziwa hili. Wakitoweka hapa, hakuna mahali pa kwenda kuwaomba.

Tofauti ya samaki hao wawili yafaa ikumbukwe, kwa sababu humo ndimo ulimo mpango mzima wa kuwarejesha. Ndagala hupona upesi akipewa nafasi. Msimu mmoja wa utulivu waweza kumwongezea kizazi kizima. Mukeke hapo hajapona. Aliyevuliwa akiwa mchanga amekufa na uzao wake wa miaka ijayo, na pengo lake halizibwi na mapumziko ya muda mfupi. Kwa hiyo ndagala anadai ziwa lipumzike, na mukeke anadai kwamba hata baada ya mapumziko nyavu ziwe na matundu mapana ya kuwapitisha wachanga. Atakayelinda jambo la kwanza akaliacha la pili atakuwa amefunga mlango na kuliacha dirisha wazi.

Upungufu huu haukuanza jana. Katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura, wavuvi wa Kigiriki walianzisha hapa uvuvi wa meli zenye nyavu kubwa za kuzungusha. Meli hizo zilipata mavuno makubwa, na waliotangulia kupungua walikuwa sangala wakubwa, ambao hukua polepole. Walipopungua hao, uzito wa uvuvi ukawaangukia mukeke na ndagala. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990 uvuvi wa meli hizo upande wa Burundi ulikuwa umekwisha nguvu. Meli ziliondoka, lakini ziwa halikupumzika. Mitumbwi iliyoungwa miwili miwili, yenye taa na wavu wa kuinua, iliongezeka mwambao mzima. Hesabu iliyofanywa na nchi zote nne mwaka 1995 ilikuta wavuvi wapatao 45,000 katika ziwa zima. Hesabu ya mwaka 2011 ilikuta karibu 95,000. Katika muda wa miaka 16 mikono iliyochota katika chungu kimoja ilizidi mara mbili, na chungu hakikuongezeka.

Tena liko jambo ambalo mvuvi hana hatia nalo. Hali ya hewa ya dunia inazidi joto, na maji ya juu ya ziwa yamepata joto pamoja nayo. Maji yenye joto ni mepesi. Hukaa juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika nayo, kama mafuta juu ya mchuzi. Mbolea ya asili inayolala chini haipandi tena kwa wingi uleule. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho hukosa chakula, vidudu vinavyoila hupungua, na njaa hiyo hupanda ngazi mpaka kwa ndagala na mukeke. Wataalamu waliochapisha utafiti wao mwaka 2003 walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yaweza kuwa yamepungua kwa asilimia 30 kwa sababu hiyo.

Basi wako wanaouliza: ikiwa joto lenyewe linapunguza samaki, kumkamata mvuvi mwenye wavu haramu kuna faida gani? Jibu ni rahisi kwa mtu aliyewahi kugawa posho ya kikosi. Ghala likiwa na akiba nyingi, uzembe kidogo hufichika. Akiba ikipungua, kila kipimo huhesabiwa. Ziwa linalozaa kidogo kuliko zamani halistahimili uporaji lililoustahimili zamani. Joto la dunia haliwezi kukamatwa na doria ya Bujumbura, bali wavu wa matundu madogo waweza kukamatwa usiku wa leo.

Wako pia wanaopendekeza njia ya mkato, yaani kuleta samaki wa kigeni wanaokua haraka na kuwamwaga ziwani. Ziwa Victoria limetoa somo juu ya hilo. Sangara wa Mto Nile alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na ya 1960. Alileta biashara na viwanda, lakini aina nyingi za samaki wa asili wa ziwa lile ziliangamia, na ngege wa asili aliyewalisha wazee akawa adimu. Mabwawa ya kufugia samaki ni jambo jema, na yanapunguza njaa ya kitoweo, lakini bwawa halizai ndagala wa kulijaza Ziwa Tanganyika. Mbegu ya ndagala na ya mukeke imo ziwani mwenyewe. Kazi iliyopo ni kuiacha iote.

Nchi nne zimekwisha kulitambua hilo. Tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam, zilitia sahihi Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Kutokana na mkataba huo ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa Bujumbura. Mwaka 2021 zikakubaliana juu ya hati ya pamoja ya hatua za uvuvi. Miongoni mwa hatua zilizopangwa ni kulifunga ziwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika sehemu yake tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Burundi nayo ina sheria yake ya mwaka 2016 inayohusu uvuvi na ufugaji wa samaki. Tena kanuni ya maji ya mwaka 2012 imeweka ukanda wa mita 150 kutoka ufukweni uwe hifadhi. Karatasi, kwa hiyo, hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyesimama mahali pake saa ya zamu yake.

Hapa ndipo jambo linapomgeukia askari. Uvuvi wa ndagala ni kazi ya usiku, usiku wa giza, kwa kuwa samaki huufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika. Askari wa majini anayejua kalenda ya mwezi anajua pia ni usiku upi wa kuwa macho. Lakini uharibifu mbaya kuliko wote mara nyingi haufanyiki mbali, palipo taa. Hufanyika karibu na nchi kavu, penye maji mafupi na matete, kuanzia midomo ya Rusizi hadi fukwe za Rumonge na Nyanza-Lac. Huko samaki wachanga hujificha, na huko ndiko kokoro huburutwa na vyandarua vya mbu hugeuzwa nyavu. Kokoro moja likipita hapo hukusanya kwenye ndoo moja samaki ambao, wangaliachwa, wangalijaza mitumbwi. Doria inayopita katikati ya ziwa ikarudi bandarini na kusema imeona shwari, haijaona kitu.

Askari wa nchi kavu naye asidhani kwamba amesamehewa zamu hii. Nyavu haramu hazioti majini. Huingia zikiwa zimefungwa katika magunia, hupita vizuizi vya barabarani, hulala katika stoo za wafanyabiashara, ndipo zimfikie mvuvi kwa mkopo. Mvuvi anapokamatwa hupoteza wavu na kubaki na deni, na mwenye stoo hufungua gunia lingine. Polisi anayekagua lori barabarani aweza kuokoa samaki wengi kuliko mashua nzima ya doria, ikiwa anajua kinachotafutwa. Soko nalo husema kweli. Mikeke wachanga wakipangwa kwenye meza ya muuzaji mchana kweupe, hapana haja ya mpelelezi kujua kwamba sheria imelala. Hata jiko la kambi lina sauti. Mnunuzi wa kambi ni mteja mkubwa. Akikataa samaki wachanga, wachuuzi watasikia upesi kuliko wanavyosikia tangazo.

Lipo jambo zito zaidi, nalo hapana budi lisemwe waziwazi. Sheria ya ziwa huvunjwa na watu wa aina mbili: anayevua na anayemwachia. Ndoo moja ya ndagala iliyopokelewa gizani ili mtumbwi mmoja upite, haiishii kwenye ndoo ile. Kesho yake mwambao mzima unajua bei ya njia. Mvuvi mwaminifu aliyekaa nyumbani na watoto wenye njaa, akiutii msimu wa kufunga, anaona taa za jirani yake ziwani na kujiona mjinga. Usiku wa tatu yeye pia atakuwa majini. Hivyo askari mmoja aliyeuza zamu yake amevunja utii wa mamia, na miezi yote mitatu ya taifa imekwenda bure. Jeshini inajulikana kwamba kituo kimoja kikiachwa wazi, ushujaa wa vituo vingine haufai kitu. Ziwani ni vivyo hivyo.

Kinyume cha rushwa si ukatili. Mvuvi mwenye wavu haramu ni mwananchi aliyevunja sheria. Si adui wa vita. Kumpiga, kuuzamisha mtumbwi wake usiku, au kuchukua samaki wake bila maandishi, hakumfundishi mtu kulinda ziwa. Kunamfundisha kukimbia. Wavu uliokamatwa uandikwe, ushahidi upelekwe mahali pake, mtu afikishwe mbele ya sheria, na aliyemuuzia wavu atafutwe. Samaki waliokamatwa wasionekane jioni ile ile jikoni kwa aliyewakamata, kwani jambo hilo dogo hula heshima ya sare kuliko risala kumi za lawama. Watu wa ufukweni humpima askari kwa kitu kimoja: kama sheria anayomshikia maskini ndiyo anayomshikia tajiri mwenye mitumbwi ishirini.

Pia ziwa hili halina ukuta. Usiku taa za Uvira huonekana kutoka Bujumbura, na upepo waweza kumsukuma mvuvi wa nchi moja katika maji ya nchi nyingine bila yeye kutaka. Samaki nao hawajui mpaka. Ndagala aliyezaliwa mbele ya Rumonge aweza kuvuliwa upande wa Kongo, na wa Kigoma akavuliwa Nyanza-Lac. Kwa hiyo nchi moja ikifunga na jirani asifunge, aliyefunga atakuwa amemwekea jirani akiba. Mashauriano kati ya vikosi vya majini vya nchi nne, kupeana habari, na kuwatendea kiungwana wavuvi waliopotea njia, ni sehemu ya ulinzi wa samaki kama ilivyo doria yenyewe.

Yafaa kukubali pia kwamba msimu wa kufunga unauma. Miezi mitatu ni mirefu kwa mwenye mtumbwi, kwa kibarua wake, na kwa mama anayeanika ndagala mchangani na kuwageuza juani tangu asubuhi. Askari wengi wana ndugu katika kazi hiyo. Yupo atakayeamriwa kukamata nyavu katika ufukwe aliokulia, mbele ya shemeji yake. Uchungu huo haupunguzwi kwa maneno makali. Hupunguzwa viongozi wa komini wanapowatangazia watu tarehe mapema ili waweke akiba, vyama vya wavuvi vinaposhirikishwa katika kulinda fukwe zao wenyewe, na wenye njaa wanapopewa kazi nyingine katika kipindi hicho: mashamba, mabwawa ya samaki, upandaji wa miti kwenye milima inayomwaga udongo katika mito ya Ntahangwa na Muha. Udongo huo, pamoja na taka za mji, huishia katika maji yale yale mafupi ambamo samaki wachanga hukulia. Anayepanda mti juu ya mlima, naye yumo katika zamu ya ziwa.

Mkulima hali mbegu, hata katika mwaka wa njaa. Huifunga juu ya dari, moshi wa jiko ukipita chini yake, na watoto huambiwa kwamba kile si chakula. Hakuna anayemwita mkulima huyo mkatili, maana kila mtu mzima anajua kwamba atakayeila mbegu leo, msimu ujao atakuwa mwombaji. Samaki wachanga wa Tanganyika ni mbegu ya namna hiyo, ila dari yake ni pana, haina mlango, na kila mtu anaweza kuifikia usiku. Ndiyo maana ikahitaji mlinzi.

Usiku huu, baada ya taarifa hii ya habari, yupo askari atakayeshuka ufukweni na tochi yake, na yupo atakayesimama kizuizini kungoja malori. Hakuna atakayewapigia makofi. Samaki watakaookolewa usiku huu hawataonekana kesho. Ndagala wataonekana baada ya miezi, na mukeke baada ya miaka, pengine askari huyo akiwa amekwisha kuhamishiwa mkoa mwingine. Lakini siku ile mama wa Bujumbura atakaporudi kutoka sokoni na fungu linalotosha, na watoto wa kambini wakaketi kuzunguka sahani iliyojaa, humo ndani itakuwamo zamu ambayo mtu fulani alikataa kuiuza.